Shingo Upande

Kibo nakiona kimoja. Niliwaambia hivyo mapema
ili wasinipeleke kwenye maombi.
Nikiinua macho, dunia ni ileile.
Tabu iko chini: mezani, kwenye saa za watu,
mshale wa dakika unambeba pacha wake mgongoni,
skrubu moja ina kivuli chenye uzito,
na nikipeleka koleo, nanyakua ile isiyokuwepo.

Ngazi za benki pale mjini nilizihesabu ishirini na nane.
Ni kumi na nne. Goti langu linajua.

Daktari Kemilembe hakuwa na haraka.
Alifunika jicho la kulia: kalamu ikawa moja.
Akafunika la kushoto: moja.
Akaacha yote wazi, zikarudi mbili,
moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni.
"Basi kila jicho peke yake ni zima," alisema,
"ugomvi ni wa ndoa."
Nikageuka kumtazama Ndeanasia. Alikuwa anatazama dari.

Kisha: tazama kulia. Zikakaribiana.
Tazama kushoto. Zikaachana.
Laza kichwa bega la kushoto. Zikapatana, karibu kugusana.
Laza bega la kulia —
nikashika ukingo wa kiti. Ile ya chini ilizama
kama ndoo iliyokatikiwa kamba.

Akachora nyuma ya bahasha ya dawa:
msuli mwembamba, unapita kwenye kapi dogo
upande wa pua, ndani ya tundu la jicho,
kazi yake kulivuta jicho chini na kulizungusha kidogo.
Huo wangu, wa kulia, ni mnyonge.
Uzi unaouamrisha ni mwembamba kuliko wenzake
na ndio unaozunguka mbali, ukitokea nyuma ya ubongo.
Fundi nilielewa. Kila saa iliyowahi kunifia mkononi
ilianza na kitu chembamba cha namna hiyo.

Lililobaki lilikuwa swali la lini.
Jana? Basi ni picha ya kichwa, ni damu, ni sukari,
ni hofu ile iliyomchukua kaka yangu Aminieli kwa juma moja.
Zamani?
"Mna picha za zamani?" akauliza.

Ndeanasia alikwenda Kiboriloni, akarudi na mfuko wa unga
uliobeba miaka yetu.
Kipaimara, 1979: kichwa bega la kushoto.
Darasa la saba: kushoto.
Kitambulisho cha chama cha ushirika: kushoto,
ingawa mpiga picha, nakumbuka, alininyoosha mara mbili kwa kidole.
Na ile ya harusi.

Ile ya harusi ina kesi. Shangazi zake wameitumia
miaka thelathini na moja kama hati ya mahakama:
tazameni, alioa shingo upande.
Hata siku ya mahari ya binti yetu waliitoa.
Na kila nilipojitetea, kichwa kilinisaliti, kikalala.

Daktari aliisogeza kwenye taa, akaipitia kwa lenzi.
"Hii ni ya kuzaliwa. Mwili wako ulijifunza
kulaza kichwa ili uone kitu kimoja.
Sasa umri umeingia, nguvu za kufidia zimepungua, basi."
Ndeanasia aliomba arudie.
Akarudia. Ili uone kitu kimoja.

Kwenye miwani wamebandika utando wa plastiki
wenye mifereji midogo, unaopinda mwanga.
Mezani unasaidia. Kwenye ngazi bado napapasa ukuta.
Upasuaji tutauzungumza baada ya Pasaka.

Jumapili shangazi mkubwa alikuja kunywa chai.
Picha ilikuwa tayari mezani, imeegemezwa kopo la sukari.
Mke wangu hakutaja neva wala kapi.
Alimwambia tu: alikuwa ananitazama.
Shangazi akalaza kichwa, aione vizuri.